Nilivyopunguza miitikio isiyotakiwa kwenye kichujio cha mawimbi ya akustiki cha megahazi 70

Kichujio hiki, kinachopitisha masafa ya karibu na megahazi 70 na kuzuia mengine, hufanya kazi kwa wimbi linalosafiri juu ya uso wa kristali. Kristali yenyewe ni lithiamu niobati ya mkato wa nyuzi 128, unene milimita 0.5. Wimbi hukimbia juu yake kwa takriban mita 3,980 kwa sekunde, kwa hiyo kwenye megahazi 70 urefu wa wimbi moja ni maikromita 57 hivi. Kuna transdyusa mbili (safu za vidole vya metali vinavyogeuza umeme kuwa wimbi na wimbi kuwa umeme), ya kuingiza na ya kutoa, kila moja ikiwa na urefu wa mawimbi 50. Kutoka kitovu cha moja hadi cha nyingine ni milimita 6. Ukanda wa kupitisha ni takriban megahazi 1. Hesabu za awali zilitoa mkunjo laini, lakini analaiza ya mtandao (kifaa kinachopima ishara inavyopita kwenye kila masafa) ilionyesha ukanda uliojaa viwimbi, yaani kupanda na kushuka kudogo, na pembeni mwa ukanda sakafu ya ishara ilikataa kushuka.

Sikugusa kwanza mchoro wa maski, kiolezo cha kuchapia vidole kwenye kristali. Maski mpya inayobadilisha mambo matatu kwa mpigo haikuambii ni lipi lililosaidia. Kila mwitikio usiotakiwa una wakati wake wa kufika, na huo ndio niliotafuta. Nilipima upitishaji kwa upana wa megahazi 20 kwa nukta 1,601, kisha nikaugeuza kwenda kwenye mhimili wa wakati. Uvujaji wa umeme, yaani ishara inayoruka moja kwa moja bila kugeuka wimbi, hutokea kwenye sifuri. Wimbi kuu hufika baada ya maikrosekunde 1.5. Lililorudi kutoka ukingo wa kristali, ambao uko milimita 3.5 kutoka kitovu cha transdyusa, hufika kwenye 3.3. Mwangwi wa safari tatu, yaani ule uliogonga transdyusa ya kutoa, ukarudi, kisha ukaenda tena, hufika kwenye 4.5.

Unaweza pia kukisia kwa nafasi kati ya viwimbi: mwangwi wa safari tatu hutoa viwimbi vya kila kilohazi 330, uvujaji kila 660, ukingo kila 570. Hizo mbili za mwisho zinakaribiana mno, kwa hiyo siamini jicho langu kwenye mkunjo wa masafa peke yake.

Jaribio jingine halihitaji programu yoyote. Dondosha tone dogo la alkoholi ya isopropili katikati, kati ya transdyusa mbili, bila kugusa vidole vya metali. Wimbi la juu ya uso humezwa na kimiminika. Kinachobaki kwenye skrini ni uvujaji wa umeme pamoja na mawimbi yanayopita ndani ya kristali. Tone likifika kwenye vidole, kapasitansi hubadilika na kipimo hakina maana tena.

Mwangwi wa safari tatu ndio uliosumbua zaidi, na una vyanzo viwili ambavyo watu huvichanganya. Cha kwanza ni vidole vyenyewe. Vidole vya kawaida vina upana wa robo ya wimbi na vimepangwa kila nusu wimbi, hivyo marejesho madogo ya kila kidole hujumlishana. Nilivigawa: kila kidole kikawa viwili vyenye upana wa moja ya nane ya wimbi, maikromita 7.1, vikiwa robo ya wimbi mbali. Sasa rejesho la kidole kimoja hutofautiana na la jirani yake kwa nusu wimbi, nayo hufutana.

Chanzo cha pili hakiondoki kwa kugawa vidole. Wimbi likifika kwenye transdyusa huzalisha volti, na volti hiyo hutoa wimbi jipya pande zote mbili. Transdyusa ya pande mbili ikilinganishwa kikamilifu na mzigo (saketi iliyounganishwa nayo) ili nguvu ihame vizuri, hasara ya upitishaji ni desibeli 6 tu, lakini mwangwi unakuwa desibeli 12 pekee chini ya ishara kuu na viwimbi vinazidi desibeli 4. Hiyo haifai kwa chochote. Ulinganishaji ukiwa mbali na ukamilifu huo, kanuni ya kukadiria mwangwi uko desibeli ngapi chini ni hii: zidisha hasara kwa mbili, ongeza 6. Nilipunguza ulinganishaji makusudi, mzigo ukawa na impidansi (ukinzani kwa mkondo wa masafa hayo) ndogo kuliko ya transdyusa ili volti hiyo ikose nguvu. Hasara ilipofika desibeli 17, mwangwi ulishuka hadi karibu desibeli 40 chini ya ishara kuu na viwimbi vikabaki chini ya desibeli 0.2. Mwenye kikuza ishara kizuri baada ya kichujio atailipa bei hiyo bila kulalamika. Asiyeweza, atumie transdyusa ya upande mmoja yenye viakisi vya robo ya wimbi. Hapo lakini ulinganishaji lazima uwe sahihi, maana marejesho mawili hufutana tu mzigo ukiwa ule uliokusudiwa.

Vidole vilivyogawanywa vina deni lao: huitika pia kwenye masafa mara tatu, hapa megahazi 210, kwa nguvu inayokaribia ile ya msingi. Vidole vya kawaida vyenye metali nusu na nafasi nusu havina tatizo hilo. Indakta ya mfululizo kwenye ulinganishaji ilitosha kuyazima masafa hayo, hivyo sikurudi nyuma.

Ukingo ulikuwa rahisi. Silikoni kwenye ncha zote mbili, upana milimita 1.5, ukingo wake wa mbele ukiwa umeteremka taratibu. Silikoni yenye ukuta wima hurudisha wimbi yenyewe. Kukata kristali kwa mshazari husaidia zaidi.

Kwa uvujaji, kwanza pima kifuko (kasha la kichujio) kitupu kisicho na kristali. Kama sakafu ni ileile, kosa liko kwenye ubao wa saketi, si kwenye kichujio. Kwangu sehemu kubwa ilitokana na waya mmoja wa ardhi uliotumiwa na pande zote mbili. Indaktansi ya nanohenri 1 ni omu 0.44 kwenye megahazi 70. Kidogo kwa kutazama, lakini mkondo wa kuingiza ukipita hapo huacha volti kwenye ardhi ya kutoa. Kila upande ukapata waya zake za ardhi, mbili au tatu sambamba, na katikati ya transdyusa nikaweka mstari wa metali uliofungwa ardhini ncha zote mbili. Mstari uliofungwa ncha moja tu hukinga nusunusu.

Yalibaki mawimbi ya ndani. Hayo ni ya haraka kuliko wimbi la uso, hivyo huonekana upande wa juu wa ukanda, na wakati wake wa kufika unaingiliana na wa ishara kuu. Kuyatenga kwa wakati haiwezekani, ila tone la alkoholi huyafichua. Kuparuza mgongo wa kristali kwa mchanga hakukutosha: mikwaruzo ya maikromita chache si kitu mbele ya wimbi la maikromita 57. Nilichimba mifereji mgongoni, kina maikromita 100 hivi, imeinama na yenye nafasi zisizolingana, nikaibandika kristali kwa gundi laini badala ya ngumu. Kina kikizidi, kristali hupasuka wakati wa kuunganisha waya.

Kuna njia safi zaidi, kiunganishi cha mistari mingi ya metali kinachohamisha wimbi la uso kwenda njia ya pembeni na kuyaacha ya ndani yaendelee moja kwa moja. Huhitaji mistari kama mia moja na kristali pana zaidi. Kwenye lithiamu niobati kinawezekana. Kwenye kwatzi, kristali ambayo uunganishaji wake wa umeme na wimbi ni dhaifu, kingekuwa kirefu kupita kiasi.