Mzizi wa Luvinu

Nilikuwa na miaka sita na kiu baada ya kukimbizana na ndama tangu asubuhi. Chini ya meza, jikoni kwa Guku, bibi yangu, kule Maragoli, magharibi mwa Kenya, palikuwa na chupa ya soda. Nilipiga mafunda mawili kabla koo halijatambua kuwa ni mafuta taa.

Guku hakupiga kelele. Alishika jembe akaelekea uani, kwenye kichaka cha luvinu. Unakijua: maua ya manjano yamesimama wima, kileleni vitumba vyeusi. Majani yake ukiyafikicha yananuka panya (senge, yaani shangazi yangu, alishikilia kwamba ni njugu za kukaanga, kila mtu na pua yake). Majirani zetu Wanandi hukiita senetwet, na mkaa wa vijiti vyake ndio wanaosugulia kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando. Kwetu, kazi ilikuwa ya mizizi. Homa ikikushika na nyongo ikapanda, Guku alikata kipande kisichozidi kidole chake cha mwisho, akakiponda, akakiloweka, akakunywesha kwa kijiko. Ungetapika mpaka utoe kijani. Hakuzidisha hata siku moja, maana mzizi huo ukizidi ni sumu.

Siku hiyo alikata kipande kama dole gumba.

Alikwishanishika kidevu, bakuli liko mdomoni, senge alipoingia na mtungi kichwani. Senge alikuwa mfagizi wa zahanati, na alikuwa ameona mtoto aliyetapishwa mafuta taa.

"Mama, usimpe! Yakipanda tena yataingia mapafuni."

"Nimewatapisha nyinyi nyote. Wewe ndiwe wa kwanza."

"Ile ilikuwa nyongo, Mama."

Mimi katikati yao nilikuwa nikicheua koroboi.

Senge alinibeba mgongoni hadi zahanati. Muuguzi alinisikiliza kifua, akahesabu pumzi zangu, akauliza mara mbili kama nimetapika. Kisha akaniketisha kwenye benchi mpaka jioni, akija kila mara kusikiliza kama nakohoa. Sindano niliyokuwa nikiiogopa njia nzima haikuja.

Tuliporudi, bakuli lilikuwa palepale. Guku alilitazama, akatoka nalo, akamwaga maji yote kwenye mgomba. Hakumwambia senge neno, na ugali wa usiku ule tuliula kimya.

Asubuhi chupa ya soda ilikuwa inaning'inia darini, kitambaa chekundu shingoni. Kando yake, kwenye kamba ileile, Guku alikuwa ametundika mzizi uliobaki.