Dakika mbili ndani ya ile miwani

Jamani, leo picha za simu zimenirudisha 2017, New York, siku binamu yangu aliponiburuta hadi makumbusho ya Whitney. Mimi nilitaka kuona michoro, yeye akaniweka kwenye foleni ya kazi ya msanii Mmarekani Jordan Wolfson iitwayo Real Violence. Watoto hawaruhusiwi. Hapo ningeshtuka, lakini wapi.

Unavaa miwani ya uhalisia pepe (VR), ile inayokufanya ujione uko ndani ya video, na vipokea sauti masikioni, unashika bomba la chuma. Nikadhani bomba ni la kuzuia watu wasianguke kwa kizunguzungu. Kwanza unaona anga kati ya maghorofa, kisha barabara, mchana kweupe, magari yanapita. Mwanamume amepiga magoti, anakutazama usoni. Wolfson mwenyewe anachukua gongo la besiboli na kuanza kumponda kichwa. Huku nyuma sauti inaimba kwa Kiebrania dua za Hanukkah, sikukuu ya Wayahudi!

Nikageuza shingo nisione. Ndiyo balaa lenyewe: ukigeuka unakutana na wapita njia na magari yao, kama vile hakuna kinachoendelea. Masikio nayo hayageuki.

Aliyepigwa ni mdoli, kompyuta ikamalizia damu. Haikunisaidia. Ni dakika mbili na ushei tu, lakini nilivua mapema, viganja vimelowa jasho.

Binamu anasema ni sanaa kubwa. Mimi mpaka leo naona jamaa alitutega tu, ila mbona bado ninaikumbuka?