La pili ndo mwaka wenyewe

Nikiwaambia watu mwanangu yuko darasa la pili wengi wananijibu aah bado mdogo huyo, subiri afike la nne ndo uanze kuhangaika. Mimi sikubaliani kabisa. Nimekaa na huyu mtoto toka shule zimefunguliwa Januari mpaka sasa hivi mvua za vuli zinanusa nusa na ninachokiona ni kwamba la pili ndo mwaka wenyewe. La kwanza mtoto anazoea tu, anajua kupanga mstari, anajua kushika penseli, anajua kukaa chini asikilize. La pili ndo anaanza kusoma kweli kweli au ndo anaanza kubaki, na akibaki hapo huko mbele hakuna wa kumrudia, maana la tatu masomo yanaongezeka na kila mwalimu anayeingia darasani anaamini hawa wameshajua kusoma.

Kazi yao kubwa ni KKK, kusoma kuandika na kuhesabu, na pembeni kuna mambo ya afya na mazingira, michezo na sanaa na kipindi cha dini. Mwisho wa mwaka NECTA, yaani Baraza la Mitihani, wanawapima hizo KKK nchi nzima. Ukiisikia hivyo unaweza kusema ni vitu vidogo. Kaa naye jioni moja tu na daftari lake ndo utajua.

Tuanze na kusoma. Sisi tulianza na a e i o u halafu ba be bi bo bu, darasa zima tunaimba mpaka kule barabarani wanasikia. Siku hizi wanaanza na sauti ya herufi, yaani m haiitwi em wala ma, ni ile sauti ya kufumba midomo, halafu wanaiunganisha na a ndo inakuwa ma. Sasa kaka yake yuko sekondari, jioni akawa anamfundisha kwa mtindo wa em na a, ma, mtoto akawa anapotea kabisa, shuleni anaambiwa hivi nyumbani vile. Nikaenda kumuuliza mwalimu wake, akanieleza vizuri tu bila haraka, akasema mama naomba nyumbani mtamke sauti, msitaje jina la herufi, kwa sababu mtoto akiliona neno anajaribu kuunganisha kile alichokisikia, na ukimpa majina anaunganisha majina. Kaka mtu akaelewa, wakaendelea vizuri.

Ugumu wa la pili uko kwenye silabi zilizobanana. Mba, nda, nya, sha, dha, halafu zinakuja mbwa na ngwa, na ile ng' ya ng'ombe ambayo siyo ng ya ngoma. Hata Mwanza yenyewe, ina silabi mbili tu lakini zote nzito, mwa halafu nza, na daladala zote za mjini zimeandikwa hivyo, mtoto wa huku anakutana nayo kila siku kabla hata hajafika darasani. Sisi tunakaa Igombe, ziwani, vitabu vya hadithi ndani ya nyumba ni vichache, basi binti yangu anasoma mitumbwi. Mitumbwi yote ina majina ubavuni, Tumaini, Subira, Mungu Mkubwa, na anasoma kanga za wamama wanaoanika dagaa, anasoma madumu ya mafuta, na gazeti la kufungia vitumbua. Vitabu vya kiada TIE, yaani Taasisi ya Elimu, wameviweka mtandaoni mzazi unaweza kuvifungua kwenye simu, mimi nafanya hivyo bando likiwepo.

Lakini kuna kitu kinanisumbua na ndo hasa kimenifanya niandike leo. Kiswahili kinasomeka kama kilivyoandikwa, mtoto akishajua silabi anaweza kukusomea chochote, anaweza kukusomea hata hotuba ya bajeti, na wewe mzazi ukafurahi ukasema mwanangu anasoma. Anatamka. Kuelewa ni kitu kingine kabisa na huwezi kukisikia kwa masikio. Nina jirani mtoto wake wa la pili anamwaga maneno kama mtangazaji wa mpira, ukimuuliza hiyo stori inahusu nini anarudi kuangalia karatasi, anakusomea tena mstari wa kwanza.

Kwetu aliyelitatua hili ni mama yangu, bibi yake. Bibi hajui kusoma. Lile Azimio la Musoma la 1974 lililotaka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977 lilimkuta tayari mtu mzima ana watoto, na Kiswahili chake ni cha sokoni, ndani ya nyumba anaongea Kisukuma. Jioni mjukuu akifungua kitabu bibi anasogea, anasikiliza, na kwa vile yeye hana habari na silabi anachotaka ni stori. Kwa hiyo anamkatisha. Sasa huyo fisi alikuwa anaenda wapi usiku? Mbona huyo mama hakumwambia mwenzake? Na mtoto inabidi amueleze, tena amueleze kwa Kisukuma ndo bibi aridhike, na hapo ndo napata majibu yangu, maana huwezi kuhamisha stori kwenda lugha nyingine kama hukuielewa. Akikwama anarudi mwenyewe kwenye kitabu anasoma upya, safari hii taratibu, anatafuta. Sijawahi kuona tuisheni inayofanya kazi ile. Nimemwambia mwalimu akacheka kwa furaha, akasema na yeye darasani maswali ya ufahamu ndo yanamuangusha zaidi kuliko kutamka.

Nashukuru na huu mwezi. Sisi wa dagaa mbalamwezi ikiwaka kazi inapungua, dagaa wanavuliwa kwenye giza kwa taa, mwezi ukijaa taa haiwavuti, mitumbwi inapumzika na hela inapumzika pia. Ndo siku ninazokaa naye jioni nzima. Giza likirudi narudi mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha dagaa, alfajiri na jioni nimechoka, hapo bibi ndo anashika usukani.

Kuandika siyo shida sana, mwandiko wake mzuri, anajua herufi kubwa inaanza sentensi na nukta inamaliza, alama ya kuuliza anaipenda anaiweka hata pasipo swali. Imla ndo inamkamata. Kura na kula anazibadilisha, hizo l na r huku kwetu ni ugonjwa wa wengi, na dhahabu kaandika zahabu, neno analolisikia kila siku maana wajomba zake wako Geita machimboni.

Hesabu sasa. Walipewa 52 kutoa 27, yeye kaandika 35. Nikaitazama ile 35 nikashindwa kuelewa imetoka wapi, mwalimu akanionyesha. Kwenye mamoja juu kuna 2 chini kuna 7, mtoto anaona 2 haitoshi kutoa 7 basi anageuza anafanya 7 kutoa 2, anapata 5, halafu 5 kutoa 2 anapata 3. Akasema wengi sana wanafanya hivyo, kwa sababu wameshika kwamba kubwa inatolewa ndogo, na hilo la kukopa kwenye makumi wanalifanya kwa kukariri bila kuona kinachokopwa ni nini. Nyumbani tukatafuta vijiti, tukavifunga kumi kumi kwa uzi wa nyavu mbovu. Mafungu matano na vijiti viwili, haya nipe saba. Akatazama. Vipo viwili. Akakaa pale muda mrefu kweli mimi nikanyamaza, kaka yake alitaka kumwambia nikamkonyeza, mwishowe akachukua fungu moja akalifungua mwenyewe, vikawa kumi na mbili, akanipa saba vikabaki vitano, mafungu manne akatoa mawili. 25. Toka siku hiyo haigeuzi tena.

Na hapo hapo huyu mtoto mteja akichukua dagaa wa mia saba akatoa buku, anamrudishia mia tatu bila kufikiri. Nikamuuliza unafanyaje, akasema naanzia mia saba, mia nane, mia tisa, buku. Anapanda kutoka chini, hakopi popote. Mwalimu alifurahi kusikia akasema atawafundisha na wenzake njia hiyo, kwa sababu nusu ya darasa ni watoto wa mwaloni na hela wanaijua kuliko kitabu.

Kwenye afya walifundishwa kichocho. Akarudi ananiuliza mama mbona sisi tunafua ziwani? Kanieleza mzunguko wote, mtu mgonjwa akijisaidia majini mayai yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwenye konokono, vinatoka vingine, vinapenya ngozi ya mtu aliyeingia kwenye maji, na huku ziwani wengi wanapata kile cha tumbo. Wanapewa dawa shuleni, wanapimwa urefu kwa ule mti wenye alama ndo wanajua vidonge vingapi, na wanaambiwa wale kwanza. Ni kweli yote. Lakini bomba letu likikauka maji ni ya ziwani, hilo ni la wakubwa siyo la mtoto wa miaka nane. Tumekubaliana maji ya kuoga yachotwe leo yalale kwenye ndoo yenye mfuniko yatumike kesho kutwa yake, vile vijidudu vikikosa mtu havichukui siku mbili vinakufa, na kufua naenda mimi mwenyewe watoto hawaingii.

Yule mwalimu namheshimu sana. Mwongozo unasema mwalimu mmoja kwa watoto 45, na toka elimu bila ada ianze 2016 watoto wanaandikishwa kwa wingi, jambo zuri mno, lakini madarasa ya huku yamepita hiyo 45 kwa mbali. Anawagawa, wanaosoma hadithi wanakaa wenyewe na walio bado kwenye silabi anakaa nao mbele. Anajua majina yao wote. Ila wale wa mbele wakirudi nyumbani hawana karatasi hata moja ya kusoma, kitabu kinabaki shule kwa sababu ni cha wengi.

Ijumaa kuna kikao cha wazazi wa la pili na nitalisema hili. Hadithi moja kwa wiki, nusu ukurasa, tupige fotokopi hapo stesheneri, anayeweza kuchangia achangie na asiyeweza mtoto wake apewe vile vile. Na kila mtoto aisome kwa mtu wa nyumbani ambaye atamuuliza maswali, awe bibi, awe shangazi, awe dada wa kazi, hata kama hajui kusoma. Nimeshaongea na wamama watatu wa hapa kwenye vichanja vya dagaa wamekubali. Kama una mtoto la pili shule za upande huu wa Igombe njoo tuliseme pamoja, kikao ni saa nne asubuhi.