Neno "run" lilivyonitesa Mikindani

Kiingereza changu kilikuwa cha darasani: "run" ni kimbia, basi. Nikaingia nacho kwenye boti ya wageni pale Mikindani, nikiwa baharia. Tukiwa Msimbati, mgeni mmoja amekaa ukingoni anavaa viatu vya kuzamia, akaniambia, "Keep it running." Nikaikaza mashine. Boti ikaruka, mgeni akaangukia ndani miguu juu. Nahodha akafoka: "Weye! Unamkimbiza nani?"

Kumbe alitaka mashine isizimwe tu.

Jioni nikanunua daftari, nikawa naandika kila "run" ninayoisikia, tena sentensi nzima, maana neno peke yake halinisaidii. Aliyenifungua macho ni nahodha, asiyejua Kiingereza hata cha kuombea maji. Alisema, "Mbona sie twasema mashine inakwenda? Ina miguu?" Hapo nikaacha kimbia, nikashika kwenda na kuendesha. Mashine inakwenda, basi la Lindi linakwenda, mtu anaendesha biashara. Hata tumbo la kuendesha Waingereza wanaliita "the runs"! Nusu ya daftari ikajibika usiku ule.

Iliyobaki nikawa natazama kamkia kanakofuata. "Run out" ni kuishiwa, na petroli ilinifundisha hilo haraka. "Run aground" ni kupanda mwamba au fungu, jambo la kawaida maji yakipwa. "Run into" ndiyo iliyonisumbua: ni kugonga, na pia ni kukutana na mtu bila kutarajia. Mgeni aliposema "ran into" nahodha sokoni, nilimuuliza kama kaumia.

Baadaye nikasoma kwamba mwaka 2011 ilitangazwa kuwa wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford wamehesabu maana 645 za kitenzi hicho, na mhariri mmoja alikaa nacho miezi 9. Katika toleo lililokamilika 1928, neno lililoongoza kwa wingi wa maana lilikuwa "set". Daftari langu lilikuwa na maana 31. Lakini na sisi tuna yetu: tunapiga simu, pasi, deki, mbizi, na hatumuumizi mtu.

Juzi nimeongeza nyingine. Anayetaka ubunge au urais, Marekani wanasema anakimbia, Uingereza wanasema anasimama. Mgeni akauliza, na nyie? Nikamwambia sisi tunagombea. Akataka kujua neno hilo limetokana na nini. Nikamkatia dafu kwanza.