Kufika utafika

Jumatatu usiku, nimeshazima taa, picha ikaingia kwenye kundi letu la WhatsApp la Iceland. Mmoja wetu kaikuta kwenye simu yake ya zamani. Tumejipanga kando ya mto, taulo shingoni, mvuke unafuka nyuma yetu. Mimi nipo mwisho kabisa upande wa kulia, bado nimevaa koti la mvua kwa sababu ndiyo kwanza nilikuwa nimefika. Chini yake Mkenya wetu kaandika: "Huyu wa mwisho alitupea kazi siku hiyo!"

Wiki hii mdogo wangu kavishwa pete, kazini wametutangazia kwamba idara yetu inahamia Dodoma, na mimi bado nipo kwenye kile kilima.

Ile miezi sita ya mafunzo ya jotoardhi, yale yanayotolewa kule tangu 1979, nimeshawaandikia sana. Siku ya Reykjadalur, lile bonde lenye mto wa maji moto, niliipita juu juu. Kutoka Reykjavík ni kama kilomita 45 kwa gari mpaka Hveragerði, mji mdogo ambao mvuke unatoka ardhini katikati ya makazi. Baada ya hapo ni miguu, kilomita tatu na ushee, na njia inaanza kupanda papo hapo. Waliozoea wanatumia saa moja. Mimi nilikaribia mbili. Nimekulia Temeke, ardhi tambarare mpaka baharini, na siku hiyo ya mwezi wa tisa upepo ulikuwa unapiga mvua ubavuni, changarawe zinateleza chini ya buti, kifua kimebana mpaka nasikia ladha ya chuma mdomoni.

Kwenye kona moja nikasimama. Yule Mkenya alikuwa ameketi juu ya jiwe, ananisubiri.

"Dada, si ungebaki tu kwa gari."

"Nitafika, kaka."

"Kufika utafika. Lakini unatuchelewesha."

Ni hayo tu. Akainuka, akaenda. Sikumjibu, na tangu Jumatatu namjibu kila siku: nikiwa kwenye foleni ya Buguruni, nikikuna nazi, nikimsikiliza bosi akieleza habari za posho ya uhamisho. Ningemwambia mlima haukimbii. Ningemwambia ulimi wake umetangulia miguu yake. Kinachonichoma zaidi ni ile "tu". Hakusema unanichelewesha. Aliwachukua watu kumi na moja akawaingiza kwenye neno moja, na mimi nikaamini kwamba wote kumi na moja wameona hivyo.

Halafu maji ya moto ndiyo kazi yangu! Nimechota sampuli Songwe mvuke ukiniunguza vidole. Nikiona silika, yale madini ya kwenye mchanga, iliyoyeyuka ni kiasi gani kwenye maji, naweza kukukadiria joto la huko chini yalikotoka. Njia nzima ya Reykjadalur, ambayo jina lake ni kama kusema bonde la moshi, kulikuwa na vidimbwi vya tope linalotokota na ile harufu ya yai viza, na mimi nilivipita nimeinamisha kichwa nikihesabu hatua. Hilo nalo nalidai.

Mto wenyewe ni mzuri jamani. Maji ya baridi yanashuka bondeni, ya chemchemi yanaingia kutoka pembeni, kwa hiyo unachagua joto lako mwenyewe: ukipanda juu yanachoma, ukishuka yanapoa. Watu wamepanga mawe kutengeneza vibwawa. Unabadilishia nguo nyuma ya kiambaza cha mbao kisicho na mlango, upepo unakupiga mgongoni, kisha unaingia na miguu inanyamaza.

Jana usiku nikaifungua tena ile picha, nikaivuta iwe kubwa. Nilitaka kuuona uso wake yule kaka, nijue alikuwa anacheka au vipi. Nikaona kitu kingine. Pembeni yangu amesimama yule dada wa Ethiopia, na yeye pia amevaa koti la mvua. Limelowa kama langu. Wengine wote wana taulo.

Basi ikanirudia. Kila niliposimama kuhema, yeye nyuma yangu aliinama kufunga kamba ya buti. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuniangalia, hakunipa pole. Anafunga kamba taratibu, anatazama bonde, nikianza kutembea naye anainuka. Nikasogeza picha mpaka miguuni kwake. Zile kamba zimepigwa mafundo mawili mawili, zimekazwa. Kamba ya namna hiyo haifunguki yenyewe njiani.

Nikakaa kitandani nikalia kidogo, Baba watoto akaamka akauliza kuna msiba gani. Nikamwambia hakuna, ni furaha. Yule hakuwamo kwenye "tu" ya mtu. Na mimi nilikaa naye darasa moja mpaka mwezi wa kumi na moja, tukaagana uwanja wa ndege, sikumwambia ahsante.

Nimemwandikia usiku uleule, kwenye namba yake niliyo nayo. Mpaka sasa tiki ni moja.

Mama naye kaniambia kwenye simu mguu wake wa kushoto umevimba, eti viatu vya kwenye sherehe. Sherehe ilikuwa Jumamosi, leo Ijumaa. Na Mama ninayemjua mimi alikuja pale na kandambili. Kesho sipiti sokoni, naenda Mbagala moja kwa moja.