Nilivyofuatilia Mishipa ya Kondo la Nyuma la Kima Rhesus

Nilipopewa kazi ya kuchora na kueleza kondo la nyuma la kima rhesus, Macaca mulatta, aliyezalishwa kwa upasuaji mimba ikikaribia kutimia katika maabara moja ya chuo nchini Marekani, nilikuwa nimezoea kondo la binadamu, ambalo kwa kawaida ni sahani moja. La kima huyu mara nyingi huwa na sahani mbili, moja ikishika ukuta wa mbele wa mji wa mimba na nyingine ukuta wa nyuma, ilhali kiungamwana, yaani kamba ya kitovu, huingia katika sahani ya kwanza tu. Nilitaka kuona kwa macho damu ya kijusi inavyoifikia sahani ya pili.

Kiinitete cha binadamu huzama chote ndani ya ukuta wa mji wa mimba. Cha kima rhesus hujishikiza juu juu, karibu na siku ya 9 baada ya kutungwa mimba, kikabaki kimetokeza hadi upande wake wa pili ugusane na ukuta unaoukabili, nao ushike pia. Kwa kuwa sahani hizo huunganishwa na tando peke yake, sikugusa tando kwa mkasi hata kidogo kabla ya kumaliza kufuatilia mishipa.

Nilifanya kazi kondo likiwa bichi, kabla ya formalini, dawa ya kuhifadhia viungo, kulikaza. Nilisukuma maji ya chumvi ya vuguvugu katika ateri mbili za kiungamwana, mishipa inayotoa damu kwenye kijusi kuipeleka kwenye kondo, taratibu ili vimishipa visipasuke, mpaka yaliyotokea kwenye vena, mshipa unaoirudisha, yakaonekana safi. Kisha nikaingiza jelatini ya buluu katika ateri na nyekundu katika vena, kwani katika kijusi ni vena ya kiungamwana inayoleta damu yenye oksijeni. Wanafunzi, waliozoea ateri nyekundu na vena ya buluu, hulalamika kuwa rangi zimegeuzwa. Mimi sioni sababu ya kuzibadili.

Jelatini ilipoganda, mishipa ilionekana dhahiri ikitambaa juu ya tando kutoka sahani ya kwanza hadi ukingo wa ya pili, ambayo haina njia nyingine ya kupata damu ya kijusi. Nilitandaza kondo zima, nikalipiga picha pamoja na rula, nikapima kila sahani peke yake. Katika maelezo niliongeza kwamba baadhi ya kima hawa huwa na sahani moja tu, na hilo lisiandikwe kuwa kasoro.