Nilikulia kwenye mizani, nikaja kununua pikapu Texas

Ukipita barabara ya TANZAM kutoka Iringa kwenda Mbeya, Makambako utaikumbuka kwa vitu viwili: baridi na mizani. Watoto wa pale tulikuwa tunasimama kutazama malori yakisogea taratibu kupimwa, dereva ametoa kichwa dirishani kama mwanafunzi anayesubiri matokeo ya darasa la saba. Aliyezidisha tulimjua mapema, kwa jinsi utingo wake alivyoanza kujikuna. Elimu ile ya bure nimekuja kuitumia mwaka jana hapa Fort Worth, Texas, nikiwa nimeshakaa kitini tayari kusaini mkopo wa miezi 84 wa pikapu ambayo isingeweza kazi yangu.

Kazi yenyewe ni kukata majani na kutunza bustani za watu. Nilianza peke yangu, mashine moja nyuma ya minivan niliyoing'oa viti, harufu ya petroli inanifuata hadi kanisani. Baadaye nikapata pikapu chakavu, nayo ikanivumilia hadi giaboksi ilipokata roho mwezi Julai, katikati ya msimu, jua la nyuzi 40. Wakati huo nilikuwa na vijana watatu na tela la ekseli mbili. Wateja hawajui giaboksi, wanajua Alhamisi ni siku ya majani yao. Nikaenda kutafuta gari jipya.

Kwa mtu wa kwetu pikapu ni Hilux, mjadala umefungwa. Huku Hilux haiuzwi, na sababu mojawapo kubwa ni kuku. Sitanii. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi za Ulaya zilipandisha ushuru wa kuku kutoka Marekani, na Marekani ikajibu mwaka 1964 kwa ushuru wa asilimia 25 kwenye pikapu na malori madogo yanayotoka nje. Ugomvi wa kuku ulishasahaulika, ushuru haukuondoka. Kwa hiyo anayetaka kuuza pikapu huku hujenga kiwanda hukuhuku, na akishajenga, hutengeneza wanachopenda wenyeji, yaani kubwa.

Kubwa zinazogombania mfuko wako ni Ford F-150, Chevrolet Silverado 1500 na pacha wake GMC Sierra, Ram 1500 na Toyota Tundra. Wenyeji bado wanaziita za nusu tani, jina lililobaki tangu enzi za mababu. Ukiikuta imeegeshwa utadhani Canter imevaa suti: urefu unakaribia mita 6, boneti inanifika kifuani.

Kichwa kinaanza kuuma unapoulizwa unataka ya ngazi gani. Kwetu gari lina hali mbili, ama ni ful opsheni ama siyo. Huku katikati ya hizo mbili wamejenga ghorofa. Ford wanaanzia XL, STX, XLT, wanapanda Lariat, King Ranch, Platinum, na bado kuna zile za kuchezea mchangani. Chevrolet wana WT, yaani gari la kazi, halafu Custom, LT, RST, LTZ hadi High Country. Ram wana Tradesman, Big Horn, Laramie, Rebel, Limited. Hapa Texas hiyo Big Horn hubandikwa jina la Lone Star, gari ni lilelile, ila mwenyeji ajisikie ameshonewa nguo yake. Toyota wana SR, SR5, Limited, Platinum, na moja inaitwa 1794.

Nilidhani 1794 ni ukubwa wa injini. Kumbe ni mwaka ilipoanzishwa ranchi ambayo leo kiwanda cha Tundra kimejengwa juu ya ardhi yake, San Antonio. Na King Ranch ni ranchi ya kweli ya kusini mwa Texas, ya mwaka 1853. Mbena mzima wa Makambako naombwa nilipie ukoo wa ng'ombe wasionijua! Na malipo si ya mchezo. Gari la jina moja, F-150 hiyohiyo, linaanzia takriban dola 40,000 ukichukua la chini, na juu linavuka 80,000 bila hata kukohoa.

Tuliingia kwanza kwa Ram, kwa sababu mke wangu alikuwa ameziona barabarani. Tukapanda Limited. Sikilizeni, ile gari ni sebule. Tangu mwaka 2009 Ram waliacha springi za nyuma za vyuma bapa vilivyopangana, zile za Land Rover 109, wakaweka za kujiviringa, na kwenye ngazi za juu unapata hata za upepo. Tuta unalisikia kama habari ya mbali. Mke wangu akaegemea kiti cha ngozi, akafumba macho, akaniambia, "Baba Neema, mimi nimefika." Nina rafiki, kaka wa Bukavu, anaendesha Ram yenye injini ya zamani ya V8. Nilipompigia alisema, "Ndugu yangu, iko muzuri sana, lakini inakunywa esanse kama harusi."

Tundra ndiyo ilikuwa ya moyo. Sisi na Toyota tumetoka mbali, mtu anaweza kubadili dhehebu kabla hajabadili Toyota. V8 yao iliishia kwenye toleo la 2021. Sasa wanaweka V6 yenye turbo mbili, ya ukoo mmoja na injini ya petroli ya Land Cruiser 300, zile za wakubwa wetu wanaokimbizana na muda Dodoma. Niliiendesha, nikaipenda. Lakini muuzaji hakupunguza hata dola ya soda. Za mtumba nilizoziulizia zilikuwa zinauzwa bei inayokaribia mpya, kwa hiyo alijua nikiondoka anakuja mwingine.

Silverado nilitaka ya kimaskini kabisa, WT. Injini yake ya kuanzia ni silinda nne, lita 2.7, na vijana wangu walicheka hadi wakakaa chini: pikapu la Marekani lenye silinda nne! Wacheke tu. Ina turbo, na nguvu yake ya kuvuta kwa mujibu wa Chevrolet wenyewe ni 430 kwa vipimo vyao vya pauni na futi, wakati V8 yao ya lita 5.3 ni 383. Inavuta kweli. Yenye bodi refu haikuwepo yadini, na mimi nilikuwa nimepoteza wateja wawili tayari.

Basi tukarudi kwenye sebule. Nimekaa kwenye Ram, mlango wazi, nasubiri mtu wa mikopo anite. Macho yakatua kwenye kibandiko, pale kwenye nguzo mlango unapofungia. Kila gari huku linacho. Kinasema uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi kiasi fulani, na kiasi hicho ni cha gari hilohilo ulilokalia, si la kwenye tangazo. Cha kwangu kilisema pauni 1,240. Kilo 562.

Nikasikia baridi ya Makambako.

Nikageuza kadi ya muuzaji nikaanza hesabu nyuma yake. Mimi na vijana watatu, watu wazima wanaokula ugali, kilo 354. Tela langu likiwa na mashine zote ni kama pauni 6,000. Tela halivutwi tu, linaegemea pia: asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake inatakiwa ikae kwenye shingo, juu ya mkia wa gari, la sivyo linaanza kuyumba barabarani kama mlevi. Nikaweka pauni 700, ambazo ni kilo 318. Jumla 672. Nimezidisha kilo 110, na sijapakia dumu hata moja la mafuta. Huku juu ya kioo cha mbele kuna bango kwamba gari hili linavuta zaidi ya pauni 10,000!

Bango halikudanganya, ndiyo ubaya wake. Injini inaweza kuvuta. Kinachoshindwa ni springi, ekseli na tairi za nyuma, na hilo halipakwi rangi kwenye bango. Kisha fikiria ngazi zenyewe zinaongeza nini unapopanda: paa la kioo, viti vyenye mota, vidaraja vinavyojishusha ukifungua mlango, rimu za inchi 22. Vyote hivyo vina kilo, na kila kilo inakatwa kwenye posho ileile ya mzigo. Unalipa dola 30,000 zaidi ili gari libebe mzigo pungufu. Hilux dabo kebini ya nyumbani, ambayo hapa ingeonekana kama mtoto wake, huandikiwa karibu tani nzima.

Nilimwonyesha muuzaji. Akacheka vizuri tu, akasema hakuna anayesoma kibandiko hicho. Huenda ni kweli. Nikamwambia mke wangu kwa Kiswahili, "Mama Neema, inuka, tunaondoka," naye akainuka polepole sana, mkono ukiwa bado kwenye ngozi.

Kuanzia siku hiyo nilibadili namna ya kwenda yadi. Simwulizi mtu kitu. Nafungua mlango, nachutama, nasoma, napiga picha, naenda gari linalofuata. Wauzaji walikuwa wananitazama kama mkaguzi wa viwango wa TBS. Niligundua magari mawili ya ngazi moja, rangi moja, yanaweza kutofautiana zaidi ya kilo 100 kwa sababu moja ni fowili na lingine siyo, au moja limewekewa kifurushi cha mapambo. Na fowili ya nini Fort Worth? Barafu inakuja siku chache kwa mwaka, na siku hizo majani hayaoti.

Nilichonunua ni F-150 XLT, ya tairi mbili za kusukuma, dabo kebini, bodi la futi 6 na nusu. Kibandiko: pauni 1,860, kilo 844. Bodi na kebini ni aluminiamu tangu toleo la 2015, ndiyo maana hawakuanza na uzito mkubwa, ingawa fundi wa bodi ameshaniambia nikigonga nisimfuate kwa bei ya bati. Roho yangu ilitaka XL, ile ya sakafu ya mpira unayoiosha kwa bomba, lakini nyumba ina watu wawili, na mmoja wao alikuwa ameshapoteza sebule. Tukakutana kwenye viti vya kitambaa.

Kilichoamua hasa ni soketi. Ndani ya bodi kuna umeme wa kilowati 2, wa kuongeza hela kidogo. Mashine zangu za kupunguza kingo na za kupulizia majani ni za betri siku hizi, kwa hiyo tukihama nyumba moja kwenda nyingine zinachajiwa njiani. Jenereta nimeliuza.

Urefu wa bodi nao si fahari. Mhasibu wangu ndiye aliyenishika mkono: gari la biashara lenye uzito wa juu ulioruhusiwa wa zaidi ya pauni 6,000 lina unafuu wa kodi, na pikapu yenye bodi la futi 6 kwenda juu haiwekewi kikomo kile kinachoyabana magari ya kifamilia. Bodi fupi la futi 5 na nusu, ambalo ndilo limejaa kila yadi, linabanwa na kikomo hicho. Hasara yake ni kwamba sasa gari lina zaidi ya mita 6 na halitoshi kwenye banda la nyumba, linalala nje na nyuki.

Kuhusu kulipa nitasema moja tu. Swali lao la kwanza ni, "Unataka kulipa ngapi kwa mwezi?" Usilijibu. Ukisema dola 900, watakutengenezea dola 900, hata kama ni hadi mtoto wako amalize chuo. Mimi nilisema nataka bei ya gari, pamoja na kodi ya jimbo ya asilimia 6.25 na gharama zote, kwenye karatasi moja. Walitaka kuniuzia upepo maalumu wa tairi. Upepo! Nikasaini miezi 60.

Wiki ya kwanza nikapakia kila kitu, vijana wote, tela nyuma, nikaenda kwenye mizani ya malori iliyopo kituo cha mafuta kando ya barabara kuu. Unalipa kidogo, unapewa karatasi inayoonyesha ekseli ya mbele, ya nyuma na tela kila kimoja peke yake. Vijana walinicheka, mmoja akarekodi video. Kilo kama 110 zilikuwa zimebaki. Nimeibandika ile karatasi ndani ya kioo cha mbele.

Jumapili kanisani wengi walizunguka mara moja wakauliza kwa nini sikuchukua Platinum. Jioni nikampigia baba.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mwanangu. Picha nimeiona. V8 hiyo?"

"V8, baba. Lita 5."

"Ahaa. Inabeba magunia mangapi ya viazi?"

Nikatoa uzito wangu, nikagawa kwa mia. "Saba, baba."

Akanyamaza. Nilidhani mtandao umekata.

"Kirikuu la jirani hapa linapakia kumi na mbili," akasema, "na mbele wamekaa watatu."

Nikamuuliza mizani je, hawalisimamishi?

Akacheka hadi akakohoa. "Mwanangu, nani anapima kirikuu?"